Jumapili Waliyomuuliza Furaha Kwa Nini Aliingia Peke Yake

Jumapili, jioni. Nyumbani kwetu, kilimani, juu ya Nyamitaba.

Mvua imenyesha tangu asubuhi na ukungu umekataa kuondoka. Nina hasira, nimechoka, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonifanya nishike simu niandike. Betri iko chini ya nusu. Nitaandika hivyo hivyo, kesho nikifika penye mtandao nitatuma.

Wanaonisoma wanajua kwamba mimi ni mshonaji wa Kirotshe, kule kando ya ziwa, na kwamba hapa huwa naandika habari za vitambaa, wateja wenye maneno mengi, na mume ambaye shangazi zangu wote wanamtafuta isipokuwa mimi. Leo hakuna cha kucheka. Nimepanda kwetu kwa ajili ya mdogo wangu. Nitamwita Furaha, ingawa si jina lake, na wengine wote pia nimewabadilishia majina. Nilimuuliza kama ninaruhusiwa kuandika. Yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Andika, yaya. Lakini usinifanye mutu wa kulia-lia."

Basi katika ukurasa huu Furaha halii. Atakayelia ni mimi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Msimu wa kupanda ulipofika, asosiasiyo ya wakulima ya hapa kwetu iligawa mbegu za maharagwe. Mbegu zinakaa katika depo, kijumba cha matofali nyuma ya shule, chenye mlango mmoja na kisicho na dirisha kwa sababu ya wezi. Mwenye funguo ni mtu anayeitwa Agronomu, yaani bwana shamba, ingawa shahada yake hakuna aliyewahi kuiona. Furaha ana miaka ishirini na miwili. Aliingia kuchukua fungu letu. Agronomu akafunga mlango, akamshika, akamwambia mbegu nzuri haipewi mtu mwenye haraka. Mikono yake ikaenda mahali ambapo hakuna aliyeituma. Furaha akamuuma mkono, akafungua mlango, akatoka na kandambili moja na kikapu kitupu.

Ninaandika kwa ufupi kwa sababu mwenyewe anasimulia kwa ufupi.

Kilichotikisa kilima si kile kitendo. Ni kwamba hakuficha. Kwetu, msichana akipatwa na jambo kama hilo, anarudi nyumbani, anaoga, ananyamaza, na mama yake anamwambia asilisimulie hata kwa mto wa kulalia. Furaha hakwenda nyumbani. Alikwenda bombani, pale kina mama wanapopanga foleni na mabido yao ya maji, akasema kwa sauti kilichotokea, na akataja jina.

Tangu siku ile kila mtu amekuwa hakimu.

Tuna grupu ya WhatsApp ya watoto wa kilima hiki, sisi tuliobaki na sisi tuliotawanyika. Huko kawaida tunatumiana habari za misiba na za barabara, kama imefunguka au imefungwa. Kwa wiki nzima hakukuwa na habari nyingine ila Furaha. Mmoja aliandika: "Siku hizi ata kusalimia mwanamuke imekuwa kosa." Mwingine, ambaye nilisoma naye, akaandika: "Mutu hawezi kosa kuweka uzio ku shamba yake, kisha analaumu mbuzi." Watu wakamwekea vidole gumba. Nilitaka kumjibu kwamba mbuzi hapewi funguo za depo. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Mdomo ninao wa kutosha dukani kwangu, lakini siku ile uliniishia.

Kisha redio nayo ikaingia. Hawakutaja jina wala kijiji, lakini sote tulijua. Mada ilikuwa: je, kila mtu ana wajibu gani wa kujichunga? Mtu mmoja akapiga simu kutoka upande wa Walikale, akasema wasichana wa leo wanajitafutia wenyewe, halafu wanapiga kelele. Huyo nilimtukana kimoyomoyo nikaendelea kukata kitambaa. Lakini baada yake akapiga mama mmoja, sauti yake ya upole kabisa, akasema tuwafundishe mabinti zetu akili ya kuishi, kwa sababu dunia haitabadilika kwa kuombwa. Pale mkasi wangu ulisimama.

Niseme ukweli: sikuweza kumpinga. Mimi mwenyewe simpimi mwanaume suruali pazia la duka likiwa limefungwa. Nimewafundisha hivyo hivyo wasichana wanaojifunza kazi kwangu. Hakuna mwanamke ninayemjua ambaye hajichungi. Tunajichunga tangu asubuhi mpaka jioni, kiasi kwamba tumesahau kuwa ni kazi.

Kujichunga ni busara. Lakini tangu lini aliyepungukiwa na busara siku moja ndiye akawa mkosaji, na aliyekosa akawa shahidi?

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile. Halafu Alhamisi likaongezewa mzigo juu.

Papa, baba yetu, alikuwa ameita majirani wamsaidie kulima matuta ya upande wa juu. Wakiwa katikati ya kazi, akatokea mdogo wake Agronomu, amebeba bido la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akaliweka pembeni ya shamba, akasema ni ya kuwasaidia watu wa kazi. Kwetu mwenye shamba ndiye anayeonja kwanza. Papa akaonja. Kisha wakanywa wote.

Kwa yule asiyejua desturi zetu: ukiwa na neno na mtu, hunywi pombe yake. Ukinywa, neno limekufa. Hakuna kuandikiana wala kupeana mkono. Koo lako ndilo limetia sahihi. Kabla jua halijazama kilima kizima kilikuwa kinasema, "Balikunywa. Iliisha."

Nilipofika jana sikumsalimia Papa vizuri. Nilimuuliza mlangoni, mkoba ungali begani, kama hakuiona sura ya aliyeleta lile bido.

"Niliiona," akasema.

"Na ukakunywa?"

"Nilichoka, mama." Papa akitaka kunituliza huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. "Kila fasi napita, jina ya mutoto wangu iko mu midomo ya bantu. Nilisema, nikunywe, banyamaze."

Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba hata bugali aliyonisogezea sikuigusa. Leo ninaandika hivi na ninaona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Basi leo, baada ya ibada, asosiasiyo ikakutana katika darasa moja la shule. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, tukakaa kimya tukiitazama dari mpaka ilipopungua. Neno la siku lilikuwa hili: Furaha amemchafulia jina Agronomu. Akionekana amekosa, atatolewa katika asosiasiyo, na sisi pamoja naye. Maana yake hakuna mbegu, na lile shamba la bondeni ambalo Mama amelilima tangu kabla sijazaliwa linapewa wengine. Na Furaha atabaki hapa kilimani akiitwa mwongo mpaka aolewe mbali, kama ataolewa.

Agronomu alikaa mbele, shati jeupe limepigwa pasi, mikono mirefu imefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo. Mdogo wake ndiye aliyesimama kwanza. Hakuongea sana.

"Papa Prezida, sisi tunashangaa. Ile neno ilishakufa. Papa yake alikunywa, bote baliona."

Prezida wa asosiasiyo ni mzee mwenye haraka ya kumaliza mikutano, lakini si mtu mbaya. Akamgeukia baba yangu.

"Papa, ulikunywa ao hapana?"

Papa akasimama. Akavua kofia yake, na nikaona jinsi nywele zake zilivyopungua tangu Pasaka.

"Nilikunywa," akasema. "Sitaficha. Neno yangu na ule mutu iliisha, mimi sitamudai kitu. Lakini mutoto wangu hakukuwa ku shamba. Hakukunywa. Mwenye kukunywa ni mimi. Neno yake ye iko nzima, mumusikilize."

Akakaa.

Nilimsamehe papo hapo, ingawa sijamwambia mpaka sasa. Wazee wa mbele walinong'onezana, wakatafuta kasoro katika maneno yake, hawakuipata. Desturi ni desturi. Aliyekunywa alikuwa ni yeye.

Furaha akaitwa. Alisimulia kama alivyosimulia bombani, bila kuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye kuuma, kijana mmoja nyuma akacheka. Furaha akangoja amalize kucheka, kisha akaendelea.

Na ndipo akasimama Mama Esperansi.

Lazima niseme huyu ni nani, msije mkamchukia. Ni kiongozi wa kina mama wa asosiasiyo. Siku za kukimbia vita ndiye aliyembeba Furaha mgongoni, Mama akiwa mgonjwa. Anampenda. Na alisimama na hasira ya mtu anayependa, kama unavyomkaripia mtoto aliyevuka mto umefurika.

"Weye Furaha, ulijua! Nani hakukuambia? Mwanamuke haingiake mule peke yake. Munaenda bawili. Moja anaingia, mwengine anabaki ku mulango, anakohoa. Anakohoa mupaka mwenzake atoke. Sisi bote tunafanya vile, tangu zamani. Mwenye mulikuwa muende naye mutoto wake alikuwa na homa, si ungengoja kesho? Kichwa nguvu! Sasa unaleta aibu mbele ya bapapa."

Akakaa, ameridhika. Alidhani amemsuta.

Ilinichukua muda kuelewa nilichosikia. Niliondoka kilimani nikiwa msichana, mambo ya depo yalikuwa ya mama zetu, sikuwahi kuambiwa. Niliwatazama kina mama. Wote walikuwa wanatazama sakafu.

Prezida akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia vibaya.

"Mama Esperansi. Munakohoa juu ya nini?"

Mama Esperansi akageuka kuwatazama kina mama wenzake.

"Mimi nilizani iko ile dawa banatia ku mbegu," Prezida akasema. "Ile poda."

Papa mmoja aliyekaa karibu nami akanung'unika kwamba na yeye alidhani hivyo. Kila mara alimwambia mke wake afunge kitambaa mdomoni akienda kule. Mkewe hakugeuka.

"Mama, nakuuliza. Munakohoa juu ya nini?"

Na Mama Esperansi, ambaye sauti yake inasikika kilima cha pili, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Ili ajue inje kuko mutu."

"Nani ajue?"

Hakumnyooshea kidole mtu. Aliangalia tu lile shati jeupe lililopigwa pasi, na alipoliangalia, nadhani naye ndiyo kwanza alisikia alichokuwa amekisema. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kutoka nyuma mwanamke mmoja akasema, "Na mimi nilikohoa." Mwingine, karibu na dirisha: "Na mimi." Halafu wa tatu, mke wa mwalimu, hakusema neno, alisimama tu akakaa tena. Si wote. Wengi walinyamaza, na siwahukumu, maana waume zao walikuwa pale. Mwanaume mmoja alitoka nje kwenye mvua akabaki amesimama huko, na hakuna aliyemfuata.

Agronomu akasema, "Hawa banamuke bamejipanga." Alisema mara mbili. Prezida akamwambia aweke funguo za depo mezani. Akaziweka. Kisha mzee akasema jambo hili limezidi nguvu za komite, liende kwa wenye sheria, na Furaha abaki katika asosiasiyo kama kawaida. Akafunga mkutano bila sala. Sijawahi kuona mkutano wa hapa ukifungwa bila sala.

Msidhani tulitoka tukiimba. Watu wengine walipita karibu nasi wakakazana na miavuli yao. Mmoja alisema, ili tusikie, kwamba sasa mbegu za msimu ujao zitachelewa kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Yule mdogo wake Agronomu tunapakana naye shamba. Kesho na keshokutwa tutaonana naye. Ushindi wa namna hii huwezi kuula.

Lakini ninajua sasa cha kumjibu yule mama wa redio mwenye sauti ya upole. Mama wa redio, wanawake wa kilima chetu wametimiza wajibu wao. Wameutimiza miaka na miaka, wawili wawili, kwa makoo yao. Walijichunga vizuri sana, kiasi kwamba mwenye kukosa hakuwahi hata kuhitaji kuulizwa. Siri ya mtungi waliijua wote, wakagawana kuibeba, na siku mtoto wa mtu alipougua homa mzigo wote ukamwangukia msichana mmoja, nasi tukamuuliza yeye kwa nini alianguka.

Hilo linanichoma. Linanichoma kuliko hata mikono ya yule mtu.

Nilitaka kuishia hapa. Ila kuna jambo la jioni hii.

Furaha amelala tangu turudi. Amelala kama mtoto, mdomo wazi. Papa yuko kwa mbuzi. Mimi na Mama tulikuwa jikoni, yeye na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua mawe. Kule darasani hakusema hata neno moja. Hakusema "na mimi." Nilijua alikuwa amekaa wapi, nilimtazama mara nyingi, alikuwa amejifunika liputa lake la kitenge mpaka mabegani na macho ameyaelekeza ukutani.

Nikamuuliza, "Mama, na weye ulikuwa unakohoa?"

"Sana. Nimekohoa juu ya bengi." Akatupa jiwe motoni. "Ule Esperansi wenyewe, mimi njo nilikuwa namukoholeaka."

"Na weye? Nani alikuwa anakukoholea?"

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia, maana moto ulikuwa unalia na kuni zilikuwa mbichi.

"Wakati yangu hakukuwa bado kukohoa," akasema.

Kisha akasema:

"Ni mimi njo nilianzisha."

Kabla ya Agronomu kulikuwa na mtu mwingine wa funguo. Nilimjua. Alikufa nikiwa shule ya msingi, na tuliimba kwenye mazishi yake, tumepangwa mstari na sare zetu, na Mama alikuwapo, na alipika chakula cha msiba pamoja na wengine. Nilimwekea mkono begani, na bega lake lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Akauacha mkono wangu pale. Hakulia. Nililia mimi, kama nilivyoahidi.

Baadaye aliona nimechukua simu. Anajua ninaandika mambo yetu humu, na huwa hapendi.

"Andika na ile," akasema, akaenda kufunga kuku.

Kesho asubuhi tunashuka Kirotshe. Kuna avoka mmoja, wakili mwanamke ninayemshonea nguo. Hasemi sana na hachelewi kulipa, nami ninamwamini. Furaha atamweleza yeye. Wateja wangu watangoja, na asiyeweza kungoja akashonewe kwingine.

Mama amesema na yeye anakuja. Ameshatoa viatu vyake vya kanisani, amevifuta tope, ameviweka karibu na mlango. Papa alimuuliza anakwenda kufanya nini huko mvua yote hii, akajibu tu, "Nakwenda." Sijui kama anakwenda kumsindikiza Furaha, ama kusema yake. Sitamuuliza. Barabara ni ndefu, na akitaka kusema, nitakuwa nimekaa karibu naye.